Gesi ipo Kilwa, urea yatoka ng'ambo: Kiwanda kinachosubiriwa tangu miaka ya 1980

KATIKA maduka ya pembejeo ya Makambako, Mbozi au Songea, Novemba ni mwezi wa maswali mawili. Mbolea imefika? Na mwaka huu mfuko ni shilingi ngapi? Mwenye duka hujibu la kwanza kwa kutazama stoo yake, na la pili kwa kutazama karatasi ya bei elekezi ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Kwa nini bei ni hiyo, si mkulima wala mwenye duka anayeweza kueleza, kwa sababu bei yenyewe imepangwa mbali, ikapanda meli, ikashuka bandari ya Dar es Salaam na kupakiwa kwenye lori hadi Nyanda za Juu Kusini.

Hata hivyo, malighafi kubwa ya urea, mbolea ya kukuzia inayotegemewa sana na wakulima wa mahindi na mpunga, haiko mbali kiasi hicho. Iko chini ya kisiwa cha Songo Songo wilayani Kilwa, na iko Mnazi Bay mkoani Mtwara. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay mwaka 1982. Imepita nusu karne tangu ugunduzi wa kwanza, na hadi mwaka 2025 hakuna mfuko hata mmoja wa urea uliokuwa umetengenezwa nchini kwa gesi hiyo. Si kwamba wazo halikuwapo. Lilikuwapo mapema kuliko hata umeme wa gesi.

Gesi ndani ya mfuko

Namna urea inavyotengenezwa si siri. Kiwandani, gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, huchanganywa na mvuke wenye joto kali ili kupata haidrojeni. Haidrojeni hiyo huunganishwa na naitrojeni ya hewani kwa mgandamizo mkubwa, ikapatikana amonia. Amonia ikikutanishwa na hewa ukaa iliyotoka katika hatua ya kwanza, matokeo yake ni urea. Asilimia 46 ya urea ni naitrojeni, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za kirutubisho kinachoyapa mahindi ukijani na kujaza gunzi.

Kinacholiwa zaidi katika kazi hiyo yote ni gesi, ikiwa malighafi na ikiwa pia kuni za tanuri. Kwenye mikataba gesi hupimwa kwa kipimo cha joto kiitwacho mmbtu, ambacho ni kama futi za ujazo 1,000 za gesi. Kiwanda cha kisasa hutumia takriban mmbtu 24 kwa tani moja ya urea. Kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 unakula mmbtu 1.2. Namba hiyo ndogo inafaa ikumbukwe, kwa sababu ndiyo inayounganisha bei ya gesi na bei ya dukani.

Uzito wake ulionekana mwaka 2022. Mwaka 2020 tani ya urea katika soko la dunia ilikuwa wastani wa dola 230 hivi za Marekani. Bei ya gesi ilipopaa Ulaya mwaka 2021, kisha vita vya Urusi na Ukraine vikaanza Februari 2022, tani hiyo hiyo ilivuka dola 900 kufikia Aprili. Hapa nchini mfuko ukapanda hadi zaidi ya shilingi 120,000. Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ulioshusha mfuko wa urea hadi shilingi 70,000. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa ajili ya msimu huo.

Ili kuona maana ya tofauti hiyo shambani, ichukuliwe kwamba kilo moja ya naitrojeni, mvua ikiwa nzuri na palizi ikifanyika kwa wakati, inaongeza kilo 12 za mahindi. Mfuko mmoja wa urea basi unaongeza kilo 276. Mahindi yakiuzwa shilingi 500 kwa kilo, hayo ni mapato ya shilingi 138,000. Mkulima aliyenunua mfuko kwa 120,000 amebakiwa na shilingi 18,000 za kubebea, kuweka mbolea, kuvuna na kupukuchua nyongeza hiyo. Mvua ikiruka wiki mbili tu, amekula hasara. Aliyenunua kwa 70,000 amebakiwa na 68,000. Ndiyo maana wakulima wengi mwaka ule, kabla ya ruzuku kutangazwa, walikuwa wanafikiria kupanda bila kukuzia, au kugawa mfuko mmoja kwa ekari mbili. Hawakuwa wakaidi wala wajinga. Walikuwa wamepiga hesabu.

Ruzuku iliokoa msimu. Kwa takwimu za TFRA, matumizi ya mbolea za aina zote yalipanda kutoka chini ya tani 400,000 msimu wa 2021/22 hadi zaidi ya tani 800,000 msimu wa 2023/24. Lakini ruzuku haikupunguza gharama ya mbolea. Ilibadilisha tu anayeilipa. Na ilileta shida zake: vituo vya kuuzia vilikuwa vichache mwanzoni, mkulima akasafiri na nauli mfukoni kwenda kufuata mifuko mitatu, mwenye duka dogo asiyesajiliwa kuwa wakala alibaki akiuza mbegu na viuatilifu bila mbolea, na mifuko mingine ilitafuta njia ya kuvuka mpaka, kwa sababu upande wa pili bei ilikuwa juu.

Tanga, Kilwa, kisha Ubungo

Serikali imewahi kujaribu kutengeneza mbolea. Kiwanda cha Tanga, kilichojengwa na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi, kilianza kazi mwaka 1972. Kasoro yake kubwa ilikuwa kwenye msingi wa uamuzi wenyewe: malighafi zake, kuanzia amonia, salfa hadi fosfati, ziliagizwa kutoka nje. Kilikuwa kiwanda cha ndani kilichotegemea meli kama tu mbolea ya kuagiza ilivyotegemea meli. Mgodi wa fosfati wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ulifunguliwa mwaka 1983 ili ukilishe, lakini haukutosha kukiokoa. Mwaka 1991 mashine zilizimwa.

Somo la Tanga lilikuwa limekwisha kueleweka kabla hata hakijafungwa. Katika miaka ya 1980 iliundwa kampuni ya Kilamco, iliyokusudiwa kujenga kiwanda cha amonia na urea Kilwa Masoko, jirani kabisa na gesi ya Songo Songo. Safari hii malighafi ingekuwa ya ndani. Fedha hazikupatikana, na mradi ukafa.

Gesi hiyo ilikaa chini ya ardhi miaka 30. Ilipotoka, mwaka 2004, ilisafiri katika bomba la kilomita 232 hadi Dar es Salaam, kwenye mitambo ya umeme ya Songas pale Ubungo na kwenye kiwanda cha saruji cha Wazo. Ulikuwa uamuzi wenye sababu. Nchi ilikuwa inategemea mabwawa, na ukame wa mwaka 2006 ulionyesha gharama ya utegemezi huo: Mtera ilikauka, mgawo wa umeme ukasimamisha viwanda, na katika haraka ya kutafuta mitambo ya dharura ukaja mkataba wa Richmond, ambao ulimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Bila gesi ya Songo Songo giza la mwaka ule lingekuwa nene zaidi.

Lakini tangu hapo gesi ilihesabiwa kuwa mali ya umeme. Kila upungufu wa megawati ulijibiwa kwa mtambo mwingine wa gesi, na kila mtambo ulihitaji gesi zaidi. Ni rahisi kuona kwa nini. Umeme ukikatika Kariakoo saa mbili usiku, waziri anapigiwa simu saa mbili na dakika tano. Mbolea ikikosekana Namtumbo, hasara yake inaonekana ghalani miezi minane baadaye, na hata hapo wengi wataitaja mvua.

Wananchi wa Mtwara walilitaja jambo hilo kwa namna yao. Mwaka 2013 walipinga ujenzi wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam wakitaka viwanda vijengwe kwao kwanza. Kulikuwa na vurugu na watu walipoteza maisha. Bomba lilijengwa hata hivyo, kilomita 542 pamoja na tawi la Songo Songo, kwa mkopo wa China, na lilizinduliwa Oktoba 2015. Linaweza kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Kwa miaka mingi lilipitisha sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Yaani nchi ilijenga barabara pana ya gesi kabla ya kuamua magari gani yatapita.

Sera ya Gesi Asilia ya mwaka 2013 iliweka mahitaji ya ndani mbele ya mauzo ya nje. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ikalitilia nguvu hilo. Mbolea inatajwa katika mipango hiyo. Kutajwa na kutengewa gesi kwa bei inayojulikana ni mambo mawili.

Kilwa Masoko, mara ya pili

Katikati ya miaka ya 2010 mradi ulifufuka. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) lilikaa na kundi la wawekezaji, Ferrostaal ya Ujerumani, Haldor Topsøe ya Denmark na Fauji ya Pakistani, kujadili kiwanda cha Kilwa Masoko. Gharama ilitajwa kuwa karibu dola bilioni 2, na uzalishaji takriban tani 3,800 kwa siku, au tani milioni 1.3 kwa mwaka. Mazungumzo yakakwama kwenye bei ya gesi. Wawekezaji walitaka ishuke, Serikali ikaona kushusha ni kugawa mali ya taifa. Miaka ikapita.

Ni rahisi kuchagua upande: kulaumu wawekezaji kwa tamaa, au kulaumu maofisa kwa ukaidi. Hesabu inaonyesha kitu kingine. Kiwanda cha dola bilioni 2 kinahitaji labda dola milioni 250 kila mwaka kurudisha mkopo na kumwachia mwenye mtaji faida. Zikigawanywa kwa mifuko milioni 26, ni kama dola 10 kwa mfuko. Wafanyakazi, matengenezo na mfuko wenyewe, weka dola 2. Gesi, ikiuzwa dola 3 kwa mmbtu, inaongeza dola 3.60, ikiuzwa dola 5, inaongeza dola 6. Jumla ni kati ya dola 15.60 na dola 18 kwa mfuko, yaani kati ya shilingi 39,000 na 45,000 ikiwa dola moja ni shilingi 2,500, kabla ya usafiri.

Sasa hesabu hiyo iwekwe mbele ya bei za dunia zilizotajwa juu. Mwaka 2020 mfuko wa urea ulikuwa kama dola 11.50. Kiwanda cha Kilwa kingehangaika hata kama gesi ingeuzwa dola 1. Mwaka 2022, bei ilipovuka dola 900 kwa tani, mfuko ulikuwa dola 45. Kiwanda kingekuwa kinachota fedha hata kama gesi ingeuzwa mara mbili ya bei iliyokataliwa.

Kwa maneno mengine, pande zote mbili zilikuwa zinabishania namba moja ya kudumu miaka 20 kwa bidhaa ambayo bei yake inapanda mara nne ndani ya miaka miwili. Mwekezaji aliogopa mwaka kama 2020. Serikali iliogopa kuonekana imedanganywa mwaka kama 2022. Wote walikuwa na haki ya kuogopa, na hakuna namba moja ambayo ingewatoa hofu.

Kuna nchi zilizopita hapo. Trinidad na Tobago, nchi ndogo ya visiwa vya Karibea iliyo miongoni mwa wauzaji wakubwa wa amonia duniani, kwa miaka mingi iliuza gesi kwa viwanda vyake vya amonia kwa kanuni inayofuata bei ya amonia yenyewe. Amonia ikishuka, gesi inashuka na kiwanda kinabaki hai. Amonia ikipanda, shirika la gesi la taifa linapanda nayo. Hakuna uchawi ndani yake. Ni sawa na mwenye shamba anayekodisha kwa kugawana mavuno badala ya kudai fedha taslimu mwaka wa ukame. Mgawano wa aina hiyo unaeleweka vizuri sana Kyela na Mbarali.

Nani yuko mezani?

Hapa ndipo namna ya Serikali kuamua inapogusa mfuko wa mkulima. Bei ya gesi inajadiliwa na TPDC na Wizara ya Nishati, ambao kazi yao hupimwa kwa mapato ya gesi. Ruzuku ya mbolea inalipwa kupitia Wizara ya Kilimo. Kiwanda ni suala la Viwanda na Biashara. Aliye na mfuko mmoja unaolipia yote hayo ni Wizara ya Fedha, lakini yeye huletewa hesabu zikiwa zimekwisha kutenganishwa.

Zikiunganishwa zinasomeka tofauti. Punguzo la dola 2 katika kila mmbtu ni dola 2.40 kwa mfuko. Kama nchi inatumia, kwa mfano, tani 300,000 za urea kwa mwaka, hiyo ni mifuko milioni 6, na punguzo lote ni dola milioni 14.4, sawa na shilingi bilioni 36. Ni fedha nyingi kwa shirika la gesi. Ni chini ya robo ya ruzuku iliyotengwa msimu mmoja wa 2022/23. Punguzo likitolewa kwa tani zote milioni 1.3, linafika dola milioni 62 hivi, na hapo Serikali ina sababu ya kukataa, maana sehemu kubwa ingekwenda kumfaidi mkulima wa nchi nyingine aliyenunua urea kutoka Kilwa.

Kinachofaa kujadiliwa, basi, ni gesi ya aina mbili ndani ya kiwanda kimoja: gesi ya mbolea inayobaki nchini, na gesi ya mbolea inayouzwa nje. Ya kwanza iwe nafuu, na mfuko wake uuzwe kwa bei inayotokana na gharama ya kiwanda. Ya pili ifuate soko.

Lakini unafuu huo wenyewe usitiwe chumvi. Dola 2.40 ni shilingi 6,000. Mkulima hatarukaruka kwa shilingi 6,000. Faida kubwa ya kiwanda iko katika mwaka mbaya, pale bei ya dunia inapotoka dola 230 kwenda 900, na hiyo inapatikana tu kama mkataba unasema mfuko wa ndani haufuati bei ya dunia. Bila kifungu hicho, kiwanda kitamuuzia mkulima wa Mbozi kwa bei ile ile ambayo angelipa mnunuzi wa Brazil.

Nigeria ni ushahidi. Kiwanda cha Indorama pale Eleme kilianza mwaka 2016, na kile cha Dangote, chenye uwezo wa tani milioni 3 za urea kwa mwaka, kilizinduliwa Machi 2022. Nchi iliyokuwa ikiagiza urea imekuwa muuzaji. Pamoja na hayo, mwaka 2022 wakulima wa Nigeria walilalamikia bei kupanda kama wenzao wa nchi zisizo na gesi. Kiwanda kuwa jirani hakukuwasaidia, kwa sababu bei haikuwa jirani.

Bangladesh inatoa onyo lingine. Ina gesi na ina viwanda vya urea vya Serikali, ila gesi inapopungua na joto kupanda, viwanda vya mbolea ndivyo hufungwa kwanza ili mitambo ya umeme iendelee. Mwaka wa shida, mbolea inaagizwa kwa dola.

Yasiyoweza kutatuliwa na Kilwa

Urea si mbolea zote. Mbolea ya kupandia inahitaji fosfati, na hiyo inatoka Minjingu au nje. Tangu 2021 kampuni ya Itracom kutoka Burundi imekuwa ikijenga na kuendesha kiwanda Nala, Dodoma, kinachochanganya samadi na madini; kinasaidia, lakini naitrojeni yake bado inahitaji kutoka mahali fulani. Udongo wenye tindikali, kama ulivyo sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini, unahitaji chokaa kabla ya urea, la sivyo mkulima anaendelea kuumwagia fedha. Na mkulima wa korosho wa Mtwara yenyewe, atakayekaa jirani na kiwanda, anahitaji salfa kuliko urea.

Usafiri nao una neno. Kwa mkulima wa Ruvuma kiwanda cha kusini ni neema, maana lami sasa inatoka Mtwara hadi Songea na kuendelea hadi Mbamba Bay, na lori linalopeleka mahindi au makaa ya mawe pwani linaweza kurudi na mbolea badala ya kurudi tupu. Kwa mkulima wa Sumbawanga au Kahama hali ni nyingine. Mfuko utalazimika kupanda tishari hadi Dar es Salaam, kisha reli au lori, na mwisho wa safari tofauti yake na mfuko wa kuagiza inaweza kuwa ndogo sana. Wafanyabiashara wa pembejeo wanaotarajia kupanga magari yao upya wanafaa kuanza na hesabu hii.

Halafu mpaka. Mfuko wa ndani ukiwa nafuu kwa shilingi 40,000 kuliko ule wa Zambia, Malawi au Kongo, hautakaa Tunduma kuwasubiri wenyeji. Mfumo wa kidijitali wa usajili wa wakulima ulioanza na ruzuku ya 2022 unaweza kusaidia hapo, mradi daftari liwe la wakulima kweli.

Je, gesi inatosha?

Takwimu rasmi za gesi iliyogunduliwa ni futi za ujazo trilioni 57.54. Kati yake trilioni 47.13 ziko kina kirefu cha bahari na zinasubiri mradi mkubwa wa kusindika gesi wa Lindi, ambao mazungumzo yake yamekuwa marefu. Zinazohusika hapa ni zile trilioni 10.41 za nchi kavu na kina kifupi, na hata hizo si zote zitachimbika. Kiwanda cha tani milioni 1.3 kinahitaji futi za ujazo bilioni 31 kwa mwaka, au milioni 85 hivi kwa siku. Kwa miaka 20 ni trilioni 0.62, kama asilimia 6 ya gesi ya nchi kavu. Ni kipande cha kuonekana, lakini si cha kumaliza kisima.

Kilichobadilika zaidi ni upande wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mtambo wa kwanza Februari 2024 na kukamilisha yote mwaka 2025. Mkataba wa miaka 20 wa kuuziana umeme na Songas uliisha mwaka 2024. Kwa mara ya kwanza tangu 2004 umeme haushiki gesi yote shingoni kila siku. Haina maana kwamba mitambo ya gesi haitahitajika. Bwawa ni bwawa, na mwaka wa ukame utakuja. Mkataba wowote wa mbolea ambao hausemi nani anakatiwa gesi kwanza mwaka huo utawapeleka wakulima kule iliko Bangladesh.

Leseni ya uzalishaji ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, hivyo muda huo ulipangwa kuisha Oktoba 2026. Kanuni za bei ya gesi zilitungwa mwaka 2020. Kwa kiwanda cha Mtwara, mazungumzo yalifunguliwa na wawekezaji wa Indonesia katika miaka ya 2023 na 2024. Yote haya ni mambo yanayopangwa sasa, si ya historia.

Kwa wenye vyama vya ushirika na vyama vya wafanyabiashara wa pembejeo, yapo maswali matatu ya kumpelekea mbunge kabla mkataba wowote haujasainiwa: bei ya gesi inafuata bei ya urea au imefungwa, ni tani ngapi kwa mwaka zitabaki nchini na kwa kanuni gani ya bei, na mwaka wa ukame, bomba linafungwa upande upi. Hotuba ya bajeti ya Nishati na ile ya Kilimo husomwa Dodoma kwa siku tofauti, na wabunge wa mikoa ya mahindi huwa wengi siku ya Kilimo. Maswali haya yanapaswa kuulizwa siku ile nyingine.